Kitabu Nilichokiita Dawa

Jamani, kosa ni langu mwenyewe, sitaki mtu anitafutie sababu. Nilidanganya, na uongo wenyewe ulikuwa mdogo tu!

Nilikuwa mke kijana pale Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka wa sabini na mbili, na binti yetu Zena alikuwa bado mchanga. Mume wangu alikuwa mkamuaji wa mawese. Alipenda sana sinema za mwigizaji mmoja wa Kizungu aliyeigiza jambazi. Wengine waliziona za ovyo, ila vijana wetu walimuiga hata mwendo. Siku moja nikanunua kwa mchuuzi wa Uvira kitabu cha maisha ya mwigizaji huyo, alichokiandika mwenyewe kwa Kifaransa. Mume wangu hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Tulipofika pale jambazi anakiri kwamba anaogopa farasi, Baba Zena alicheka mpaka machozi! Ikabaki sura ya mwisho.

Ndipo mauaji yakaanza. Waliosoma walichukuliwa na askari, hawakurudi. Ee Mungu, woga ule! Mtoto akikohoa tu, nilizima taa.

Asubuhi moja tukapata nafasi kwenye mtumbwi wa kuvuka ziwa kwenda ng'ambo, Kongo. Tumeshakaa, nikakumbuka kitabu. Nilikitaka! Lakini niliona haya kukitaja mbele za watu.

"Baba Zena, nimesahau dawa ya mutoto. Nakimbia mara moja."

"Hapana! Weye kaa na mutoto. Mimi naenda. Iko wapi?"

Dawa nilikuwa nimeifunga kwenye kitenge, kiunoni.

"Chini ya kitanda," nikasema.

Hata kitabu asingekileta, maana nilimtuma dawa! Ningesema "acha" tu, basi.

Akaruka majini, akapanda ufukwe mbio. Haukupita muda, risasi zikalia upande wa nyumbani. Mwenye mtumbwi akasukuma.

"Dawa iko hapa!" nikapiga kelele. "Rudi! Iko hapa!"

Mama mmoja akaniziba mdomo.

Jirani aliyevuka baada yetu alimwona mume wangu kupitia dirisha la nyumba yetu. Alikuwa amepindua kitanda, anatafuta, na wenye bunduki wameshaingia uani. "Nilimwita," akaniambia, "hakunisikia."

Zena sasa ni mama wa watu. Anajua baba yake alikufa akimfuatia dawa, na humwombea hivyo hivyo. Sijamwambia. Naogopa, jamani, naogopa kuliko siku ile!

Nawasihi, mtu akiinuka kwa uongo wako, mwite angali karibu. Mwite hata watu wacheke!