Nyama Kwenye Njia ya Mto

Apolonia ni fundi cherehani wa Mlabani, mjane wa Kipogoro aliyeletwa Ifakara kutoka Mahenge akiwa bado anabebwa mgongoni. Kazi yake ni ya kukaa, na kukaa kulimletea presha. Daktari alipomwambia awe anatembea, alicheka: atembee kwenda wapi? Miguu ilipoanza kuvimba akaacha kucheka. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza akawa anavaa raba, anamfungulia mbwa wake na kushika njia ya mto Lumemo.

Jirani yake Kabula, Msukuma anayeuza maziwa, aliungana naye. Kisha akaja mzee Hermenegildi, mstaafu wa reli aliyemaliza ujana wake Mlimba. Kila mmoja alikuja na mbwa wake. Watu wa mashambani waliwauliza, "Mnakwenda wapi?" Wao wakajibu, "Tunatembea tu," na vicheko vikafuata. Mbwa wa Apolonia aliitwa Hayawahusu, na kumwita kwa sauti kubwa mbele ya hao wanaocheka ilikuwa raha tupu.

Jumapili moja, mpunga ukiwa umeshavunwa, walikuta njia imefungwa. Seng'enge mpya ilikuwa imevutwa kutoka mashambani hadi kwenye matete, ukingoni kabisa mwa maji. Hapo ndipo walipopita akina mama kuchota maji na watoto kwenda kuoga.

Hermenegildi alitikisa nguzo. "Huyu ni Polycarp. Kanunua shamba hapa juzi tu. Kumbe kanunua na mto?"

Mbwa hawakungoja mazungumzo, walipita chini ya waya. Walipoitwa, wawili walirudi. Hayawahusu alibaki kichakani akitafuna kitu, na Apolonia akadhani amekamata panya. Alipotoka alikuwa anayumba, miguu imekakamaa, povu limemjaa mdomoni.

"Sumu hiyo!" alisema Kabula. Alifungua chupa ya maziwa aliyokuwa anampelekea shangazi yake, Hermenegildi akashika taya, wakammiminia. Maziwa yakamtoka puani. Mbwa alitetemeka mwili mzima, akajinyoosha, akatulia.

Kabula alilia. Apolonia hakulia. Alipita chini ya waya, gauni likachanika mgongoni, akaenda kutazama. Vipande vya nyama vilikuwa vimechanjwa kwa kisu na kujazwa unga wa kijivu. Kimoja kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye jiwe ambalo watoto huwekea nguo zao wakioga.

"Kabula, nipe khanga yako."

Alimfunga mbwa ndani ya khanga, akambeba begani. Hermenegildi alipotaka kumpokea, alimkataza kwa macho.

Polycarp alikuwa barazani anakula na wageni. Apolonia alimjua tangu utoto, ndiye aliyemshonea shati la komunyo ya kwanza. Kijana alisimama, mkono una mafuta. "Shikamoo, mama."

Apolonia hakuitikia. Aliweka mzigo sakafuni, akaifungua khanga. Mgeni mmoja alisukuma sahani yake mbali.

"Pole sana, mama," alisema Polycarp. "Ile nyama ni ya fisi. Wananimalizia mbuzi."

"Fisi wako wanaogea pale wanapooga watoto?"

"Mama, mbwa ni mbwa. Wa kwangu amezaa, chagua mtoto umtakaye."

"Na kama ningekuletea hapa maiti ya mtoto wa mtu, ungeniambia mkeo amezaa, nichague?"

Polycarp alijifuta mkono, akamwelekezea Kabula kidevu. "Tatizo ni hawa. Wanapitisha ng'ombe kila mahali, mtu ukijilinda unaonekana mbaya."

"Kabula ana ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini. Lini umewaona huku? Mwangalie usoni, umwambie."

Polycarp hakumwangalia.

"Haya. Twende ukaiokote nyama yako."

"Nitamtuma kijana."

"Kijana ndiye aliyenunua sumu? Twende wewe."

Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka majirani walitoka nje. Labda Polycarp aliona afadhali matope kuliko macho yale. Alikwenda na suruali yake ya Jumapili, mkono ameuvika mfuko wa plastiki. Hermenegildi alipekua matete kwa fimbo. Polycarp aliposema vipande vimeisha, kikapatikana kipande kingine, na kingine. Apolonia alimsimamia, mikono kiunoni, mpaka alipochimba shimo kwa jembe na kufukia vyote mbali na maji, mbwa naye, aliyebebwa tena hadi huko, akazikwa kando.

Kesho yake Nazari, mwenyekiti wa kitongoji, alikuja kuona. Aliamuru waya urudishwe nyuma, njia ipite kama zamani, na ulirudishwa mbele yake. Kisha akataka watu wapeane mikono.

"Basi, Mama Apolonia, yaishe."

"Waya umesogea, hilo limeisha. Hili lingine usinisemee." Akaondoka, mkono wa Polycarp ukabaki hewani.

Wiki iliyofuata mke wa Polycarp alileta vitambaa kwenye kibanda cha Apolonia cha ushonaji. Apolonia alipokea vya mwanamke mwenyewe na vya watoto, akamrudishia cha suruali ya mumewe.

"Hiki apeleke kwa fundi mwingine."

Mwanamke alicheka, akidhani ni utani. Apolonia alikuwa ameshageuka, anamchukua vipimo mteja aliyefuata.

Bado wanatembea Jumapili. Kabula alimwambia kuna mbwa mdogo kwa shangazi yake, akajibiwa asimtajie mbwa. Siku hizi Apolonia hutangulia mbele, akipiga matete kwa fimbo na kuangalia chini ya kila kichaka, na mbwa wa wenzake hawaruhusiwi kumpita.