Mjukuu Asiyegeuka Akiitwa

Sifa na shukrani ni kwake Mungu, aliyenivumilia tangu ujana, akanijalia kufundisha katekisimu miaka mingi hapa Makere, kisha akaniacha nifike umri wa kukojolewa mapajani na wajukuu nikiwa bado na pumzi ya kucheka.

Wajukuu wenyewe ni wawili, watoto wa mwanangu, ambaye ni mwalimu Kibondo. Mke wake anaishi nasi huku shambani. Mkubwa ni msichana wa miaka minane, ana usonji. Maneno yake ni machache, lakini mifuniko yote ya masufuria hupangwa naye, mkubwa hadi mdogo, na ole wake atakayeugusa wa katikati. Tulichelewa kumjua. Alipokuwa mdogo, akiitwa hageuki, na mimi ndiye niliyekuwa nikisema, "Mwacheni, mtoto anasali." Nilisema hivyo miaka minne. Mama yake aliniamini kwa sababu mimi ni katekista, na muda ukapita.

Kwa hiyo alipozaliwa mdogo wake wa kiume, nilimwahidi Mungu kwamba safari hii sitasema kuna mtu anasali. Nitaangalia mapema.

Alipofikisha miezi tisa nikaanza kuangalia. Nilimwonyesha kuku kwa kidole nione kama atafuata kidole kinakoelekea. Alikikamata kidole akakitia mdomoni. Nikaenda nyuma yake na mfuniko wa sufuria, nikaugonga kwa mwiko. Mtoto aliruka, kuku wakaingia kwenye mihogo iliyoanikwa, na dada yake akaja ameziba masikio, akaninyang'anya mfuniko akaurudisha mahali pake. Mke wangu akatoka jikoni.

"Mzee, unamfundisha mtoto au unamfukuza?"

"Napima masikio."

"Yako au yake?"

Masikio basi yalikuwa mazima. Likabaki jambo moja lililoninyima raha: jina. Nilimwita kwa jina lake la ubatizo, taratibu, halafu kwa nguvu, halafu kwa sauti ile ninayoitumia kuita watu kwenye misa. Hakugeuka. Alikuwa akigongagonga kijiko chini kama vile niko Burundi. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa dada yake.

Lazima nieleze kwamba mtoto huyu alipewa jina langu. Kwa hiyo wiki nzima mzee mwenye mvi alisimama uani akiliita jina lake mwenyewe. Siku ya nne alipita mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi, anayetuuzia vitenge, na anayenijua vizuri. Aliweka mzigo chini.

"Papa, uko naita jina yako? Ulipotea wapi?"

"Namwita mjukuu."

"Aa. Nilisema labda ulijificha juu ya deni yangu."

Sikucheka. Nilimwambia mkwe wangu ajiandae, kesho yake tunakwenda kliniki Kasulu. Aliuliza kuna nini. Nilipomweleza kwamba mtoto haitiki jina, aliinamisha kichwa. Nikadhani ni huzuni. Usiku ule nilimwomba Mungu sana, na sehemu kubwa ya maombi ilikuwa kutubu ile miaka minne.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa dada wa pwani, amehamishiwa huku si muda mrefu. Nilimweleza yote, ya dada mtu na ya mdogo. Alisikiliza vizuri, akasoma jina kwenye kadi, akamwita mtoto.

"Naam!" nikaitika mimi.

Benchi zima la akina mama likacheka. Akaita tena, na mimi nikajiziba mdomo. Mtoto akaendelea kula kamba ya kadi.

Muuguzi akamgeukia mkwe wangu. "Mama, nyumbani mnamwitaje?"

Mkwe akavuta kitenge mpaka puani.

"Mwite kama unavyomwita nyumbani, mama. Usione haya."

Akaniangalia mara moja, kisha akapiga makofi polepole, yale makofi yetu Waha tunayomsalimia nayo mtu mzima, na kusema kwa sauti ndogo salamu yetu ya Kiha, "Mwakeye, Baba Mkwe!"

Mtoto akageuka mwili mzima. Akamwangalia mama yake usoni, akacheka na fizi zake zote, akapiga makofi.

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Kwetu mke halitaji jina la baba mkwe, hata akiwa amempa mwanawe jina hilo. Mke wangu naye huniita Mzee, na mjukuu humwita Mzee Mdogo. Katika nyumba nzima hakuna aliyewahi kulitamka jina hilo mbele ya mtoto mpaka nilipoanza kulipiga kelele uani. Angegeuka vipi? Na mila yenyewe nimewafundisha wachumba miaka yote hiyo.

"Mkwe wangu," nikasema, "mbona hukuniambia jana?"

"Baba, ningekuambiaje kwamba namwita mtoto wewe?"

Nikampa ruhusa palepale, mbele ya watu, alitaje jina langu. Alijaribu. Alifika silabi ya kwanza akaangua kicheko, akajifunika kitenge, na muuguzi akalazimika kusubiri.

Alipomaliza kucheza naye na kumpima, muuguzi alisema, "Mzee wangu, leo anageuka, anatazama, anaiga. Yaliyobaki hatuyajui bado. Mrudisheni baada ya miezi mitatu, na huyo dada yake mje naye, tuone tunavyoweza kumsaidia."

"Na huyu naye akiwa na usonji?" nikauliza.

"Basi safari hii mtakuwa mmewahi."

Nilimshukuru Mungu kwa neno hilo kuliko kwa yale makofi.

Na wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akupe watoto wa kukuchosha na mgongo wa kuwabeba, ailinde nyumba yako na wote waliomo, wanaosema na wasiosema. Amina.