Rudi Mwanzo

Fundi alikuwa na mdomo wa pini. Ndivyo wateja walivyomsema, naye hakuwa na la kujibu kwa sababu pini zenyewe zilikuwa mdomoni. Tangu usichana wake alizibana katikati ya midomo, safu nzima, huku mikono ikishughulika na kitambaa, na akitaka kusema neno alilipitisha pembeni, kwenye upenyo mdogo uliobaki. Miaka ikaenda, mdomo ukazoea. Hata asipokuwa na pini aliongea vilevile, meno yamekutana, kama mtu anayeogopa kumeza kitu.

Mdomo wa namna hiyo unatosha kabisa kumwambia mteja gauni lake bado halijaisha. Kwa kusoma Qurani hautoshi.

Alianza kujifunza matamshi akiwa tayari na wajukuu, umri ambao wenzake wanatafuta pa kuegemeza mgongo. Mwalimu wake alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake, aliyefundisha wanawake wa mtaani kila alasiri kwenye chumba cha nyuma ya msikiti. Wifi aliwaanzisha na Alhamdu, sura ambayo kila aliyekaa pale kwenye mkeka alikuwa akiisoma katika sala tangu utotoni, na kila mmoja aliikosea kwa namna yake. Fundi aliikosea kwa namna zote. Ha ya kooni kwake ilitoka kama ya kuhema. Herufi ain haikutoka kabisa. Na dhadi ya aya ya mwisho, inayotaka ubavu wa ulimi uegemee magego ya juu, hiyo ndiyo ilikuwa kizaazaa.

"Wifi, fungua mdomo," mwalimu alimwambia. "Hapa hakuna pini. Au ulimi nao umeupiga pindo?"

Darasa zima likacheka, naye akacheka, kupitia upenyo uleule. Wifi hana kosa akitania. Lakini jioni alirudi nyumbani taya zinauma, na cherehani inamsubiri.

Asingejitia katika taabu hiyo kama si baba yake. Mzee alikuwa mwalimu wa madrasa maisha yake yote, na fimbo yake haikumgusa mtoto wa mtu. Aliigonga kwenye benchi. Ukikosea aligonga mara moja tu, na maana yake ilijulikana: rudi mwanzo. Hakukuambia umekosea wapi, utajitafutia mwenyewe. Watoto wake wa kiume wote walipita kwenye benchi hilo wakatoka wasomaji. Fundi, aliyekuwa mkubwa wao, mama yao alipofariki alikalishwa kwenye cherehani ili wengine wale na wasome. "Wewe utasoma baadaye," baba alimwambia. Baadaye hiyo ikala karibu umri mzima.

Kisha kiharusi kikamwangusha Mzee. Kikachukua upande wa kulia, kikachukua na maneno. Mtu aliyenyoosha ndimi za watu akabaki ulimi wake mwenyewe umelala kinywani. Wale wasomaji wake wako mbali, hata mume wa wifi, kila mmoja na kazi yake, na mmoja wao alimrekodia sura nzima kwenye simu, kwa sauti tamu ajabu. Fundi alipomwekea, Mzee aligeuza uso ukutani.

Fundi akajiwekea nadhiri. Kabla baba yake hajafumba macho, atamsikia binti yake akisoma Alhamdu toka mwanzo hadi mwisho bila kugongewa. Hakutaka jingine.

Basi kila baada ya magharibi alitema pini, akatawadha, akavua ndara na kukaa ukingoni mwa kitanda. Mzee alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, mkono uliobaki. Mwanzoni alikigonga kwenye chuma cha kitanda hata aya ya kwanza haijaisha. Ko. Rudi mwanzo. Fundi akarudi, akagongewa tena. Taratibu akaanza kuvuka aya, na siku moja akafika ya mwisho bila kusikia chuma. Ko. Dhadi. Ilikuwa lazima iwe dhadi.

Hapo akakwama. Jioni baada ya jioni alifika palepale, kijiko kikalia palepale, akaanza upya mpaka Mzee mwenyewe alipochoka. Alimfunika shuka, akarudi chumba cha pili kwenye sare za shule zilizojaa hadi kwenye kiti. Huko nako alifanya mazoezi, ulimi ukisukuma magego huku pini zikimchoma mdomo. Siku moja alimshonea mteja blauzi yenye mikono miwili ya kushoto. Alichoka kwa uchovu ambao usingizi hauupunguzi, na lililomchosha zaidi lilikuwa lile wazo kwamba baba yake atakufa akiwa amemsikia akikosea tu.

Akaenda kwa wifi yake kuaga darasa. Alimwambia samaki hukunjwa angali mbichi, na yeye amekwisha kukauka. Wifi hakubishana, alimwambia asome kwanza. Alipomaliza akamwambia asome tena.

"Dhadi yako iko sawa," wifi alisema. "Iko sawa siku nyingi. Ulidhani kwa nini nimeacha kukutania?"

"Mbona Baba ananigongea?"

Jioni ile wifi akaja kusikiliza mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda mlangoni. Fundi akasoma, akafika mwisho, ko. Akaanza upya, ko. Mara ya tatu wifi aliacha kusikiliza akaanza kutazama. Kisha akamvuta Fundi nje ya chumba, akamwambia kwa sauti ya chini.

"Hagongi herufi. Ukifika aya ya mwisho miguu yako inaanza kutafuta ndara. Hapo ndipo anainua kijiko."

Fundi alisimama pale ukumbini kama mtu aliyesahau alichokifuata. Alikasirika kwanza, tusidanganyane. Jioni zote zile, taya zote zile. Halafu hasira ikamwisha kwa kukosa mahali pa kukaa. Mchana kutwa yeye na baba yake walitenganishwa na ukuta mmoja, naye mdomo umejaa pini. Tangu Mzee aanguke, ni nani aliyemwambia neno zaidi ya "Baba, geuka" na "Baba, fungua mdomo"? Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, na wifi akajifanya anaangalia mlango.

Aliporudi ndani alizisukuma ndara uvunguni, mbali, mpaka ukutani. Akapandisha miguu kitandani. Akasoma tangu mwanzo, mdomo wazi, polepole, na dhadi ikakaa mahali pake bila kusukumwa. Mkono wa Mzee ukaanza kuinuka.

"Usigonge, Baba," akamwambia. "Siondoki."

Kijiko kikabaki hewani kitambo, kisha kikashuka juu ya shuka. Mzee alimtazama miguu, akamtazama uso, na machozi yakamtoka upande wa jicho lisilofumba vizuri. Fundi alitaka kumwambia jambo zito, halikuja. Miaka mingi hawakuwa wamezungumza, hakujua watu huanzia wapi. Basi akamsimulia habari ya blauzi yenye mikono miwili ya kushoto, na namna mteja alivyoivaa mbele ya kioo akijigeuza huku na huku, akidhani kasoro iko kwenye bega lake mwenyewe. Bega la Mzee lililo zima, la kushoto, likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

Chumba cha pili cherehani ilinyamaza, na sare za watu zikalala bila vifungo.