Vitabu vya Shemeji

Kiangazi kimoja nilisoma vitabu vingi kuliko nilivyokuwa nimesoma katika miaka yote ya ualimu wangu, na karibu vyote nilivichukia. Vililetwa nyumbani kwangu Newala na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndani ya boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani.

Shemeji hakuzaliwa muuza vitabu. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha korosho kule Masasi, mtu wa ovaroli na mikono yenye grisi, na wakati ule nilimpenda. Soko huria lilipokuja, kiwanda kikasimama, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akapotelea Dar es Salaam. Aliporudi alikuwa amevaa tai. Alisema sasa kila mtu anaruhusiwa kuchapa vitabu na kila mtu anaruhusiwa kuviuza, kwa hiyo shule zetu zitajaa vitabu. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Masasi, hospitalini Mkomaindo, akija kwangu mwisho wa mwezi. Aliniagiza nimkaribishe ndugu yake. Nikamkaribisha.

Boksi lilikuwa na vitabu vya namna mbili. Vya kwanza vilikuwa vya watoto, vyenye rangi nzuri na karatasi za kung'aa. Vya pili vilikuwa vya wakubwa, vile vya kumfundisha mtu namna ya kufanikiwa. Mwalimu ambaye miaka yote amefundishia kitabu kimoja kilichokatika mgongo hawezi kuliona boksi kama lile akaliacha. Nilianza kusoma jioni ileile.

Vitabu vya mafanikio vilisema neno moja kwa njia nyingi: ukiwa maskini, umetaka mwenyewe. Amka mapema. Simama mbele ya kioo, jiambie wewe ni tajiri. Oga maji baridi ya kutosha, mwili uchangamke. Usikae na watu wanaolalamika. Nilitafuta humo mkulima ambaye korosho zake zimenyeshewa, au mfanyakazi ambaye kiwanda chake kimefungwa. Hawakuwemo. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa kwake na mgeni anayekula chakula chake.

Vya watoto vilinikera zaidi, kwa sababu mtoto hana pa kujitetea. Kimoja kilikuwa cha msichana anayechelewa shule kila siku. Anachorwa nywele timutimu, macho ya usingizi. Kuku anamcheka, mbuzi anamcheka. Mama yake anamwambia afungue bomba anawe uso, yeye anavuta shuka. Mwishoni amekuwa mtu mzima anayeomba barabarani. Bomba! Sisi Newala mabomba tulikuwa nayo, ila maji hayakupanda. Kiangazi, matangi ya maji ya mvua yakikauka, wanawake na wasichana walishuka mteremko mkali wa uwanda wetu wa juu hadi bondeni, wakapanda tena na ndoo kichwani.

Tukiwa tunakula ugali wa muhogo kwa mbaazi, nilimwambia shemeji, "Kile kitabu cha msichana mvivu usikiuze hapa."

"Kwa nini, shemeji? Ndicho kinachotoka sana."

"Watoto wangu hawachelewi kwa uvivu."

Alitabasamu lile tabasamu alilolisoma vitabuni. "Hicho ndicho wanachosema watu wote walioshindwa, shemeji."

Nilinyanyuka nikatoa vyombo kabla hajamaliza kula.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa kufurahia chochote kipya. Alimwalika shemeji asome mbele ya darasa langu, la tatu, ili waone bidhaa. Sikuulizwa. Nilisimama nyuma, mikono nimefunga kifuani, na yeye akachagua kitabu kilekile. Nilijua amekichagua kwa ajili yangu.

Alisoma vizuri, lazima niseme hivyo. Alimwigiza kuku, alimwigiza mbuzi, watoto wakavunjika mbavu. Alikuwa amefika pale mbuzi anapocheka, mlango ukafunguliwa. Aliingia msichana mmoja wa darasa langu, mtulivu, msomaji mzuri kuliko wote. Shingo ya gauni lake ilikuwa imelowa kwa maji ya ndoo aliyotoka kuitua kwao. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo mwalimu."

Sikuwahi kuitikia. Mtoto wa mbele alipaza sauti, "Huyo! Ndiye huyo wa kitabuni!" na darasa zima likalia kama mbuzi.

Shemeji angeweza kufunga kitabu. Alikinyanyua juu, akawaonyesha picha, kisha akamnyooshea kidole msichana. "Mnaona? Hadithi zetu ni za kweli."

Msichana hakulia. Aligeuka akatoka, akafunga mlango taratibu, kama alivyofundishwa. Nilimfuata uani, lakini alikuwa ameshakimbia. Niliporudi nilimnyang'anya shemeji kitabu mkononi, mbele ya mwalimu mkuu na watoto, nikamwambia, "Toka darasani kwangu."

"Mwalimu, mgeni huyo!" mwalimu mkuu akasema.

"Mgeni wako. Mpeleke ofisini kwako."

Kesho yake msichana hakuja, wala keshokutwa. Nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa anatwanga muhogo mkavu, na hakuacha kutwanga aliponiona.

"Shikamoo mama," nikasema, maana alinizidi umri.

"Marahaba. Mmekuja kumcheka hapa pia?"

Nilimweleza kwamba sikucheka, kwamba nilimfukuza yule mtu. Alisikiliza huku mchi ukipanda na kushuka.

"Yule mtu analala kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi."

Nilirudi nyumbani nikilirudia neno lile moja. Nilimkuta shemeji bafuni anajimwagia maji, ndoo nzima, akiimba. Maji yale nilikuwa nimeyanunua kwa mwanamke aliyeyapandisha kutoka bondeni. Nilimsubiri atoke.

"Fungasha," nikamwambia. "Gari la Masasi linaondoka asubuhi."

"Unanifukuza kwa ajili ya hadithi ya watoto?"

"Ndiyo."

"Kaka atasikia."

"Asikie."

Aliondoka akiwa na boksi lake. Kwao Lupaso, kijijini kwa wakwe zangu, ikasemwa kwamba mimi ni mwanamke mwenye roho mbaya, nimemtupa nje mtoto wa watu. Mume wangu alikaa miezi hajanielewa. Alikuja, akala, akalala, akarudi kazini bila kunisemesha vizuri. Mwalimu mkuu naye alikuwa ameshavinunua vitabu, akavipanga kabatini pale wakaguzi watakapoviona.

Msichana alirudishwa na mama yake, si na mimi. Asubuhi moja yule mama aliingia darasani bila kubisha, akimshika binti mkono, akawatazama watoto.

"Aliyemwita mtoto wangu mvivu asimame."

Hakusimama mtu.

"Mnakunywa maji ya nani nyumbani kwenu? Ya kuku? Ya mbuzi?" Akanigeukia. "Na wewe mwalimu, akichelewa, muulize katoka wapi kabla hujafungua kitabu."

"Nimesikia, mama."

"Haya." Akamwacha binti, akaenda zake.

Binti alikaa mahali pake. Mwaka ule hakunyanyua tena mkono kuomba kusoma kwa sauti, ingawa nilimtazama kila nilipouliza. Alimaliza darasa la saba, na baadaye nikasikia ameolewa Masasi na ana genge la nyanya. Kama bado anasoma, sijui.

Shemeji nilikutana naye miaka kadhaa baadaye Nanganga, tukisubiri gari upande mmoja wa barabara. Alikuwa amenenepa, siku hizo akiwafundisha watu kufanikiwa, kwenye kumbi za mikutano, kwa kipaza sauti. Tulisalimiana kama watu wa mbali.

"Bado unasoma, shemeji?" akaniuliza.

"Nasoma."

"Nina kipya, nimekiandika mwenyewe. Nikuachie kimoja?"

"Usiniachie," nikamjibu. Gari lilipofika nilikaa mbele, yeye akakaa nyuma.