Uji wa Dirishani

Mhudumu wa kiume wa makao ya wazee kule Kalama ana mikono mipana inayonuka sabuni ya kipande, na sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani. Wazee wengine huwalisha uji mwenyewe, akawapangusa kidevu, akawatania kwa Kikamba. Mama yangu hamkaribii. Kikombe chake hukiweka dirishani, akakohoa, akageuza uso na kuondoka. Nilidhani anamdharau. Halafu nikaona mama naye hujifunika leso usoni akisikia kikohozi hicho, nikazidi kuchanganyikiwa, maana hivyo ndivyo Wakamba wa zamani walivyoepukana, mama mkwe na mume wa binti yake. Mama hana binti mwingine ila mimi, na mimi sijaolewa.

Jumapili nilimfuata mhudumu jikoni. “Mama anakuchukua kama mkwe wake?”

“Alianza mwenyewe, dada,” akasema, akiendelea kusugua sufuria. “Nikimwambia si mimi, analia, anakataa kula.”

“Sasa mimi nifanye nini?”

Akafikiri kidogo. “Leo wacha nikusindikize mpaka kwa geti. Ukienda peke yako, mama anafikiria mimi na wewe tumekosana.”