Matabishi ya Batri

Barabara ya Ariwara imefunguliwa! Habari hiyo ilitufikia mtaani kwetu Lumumba asubuhi, na kabla ya adhuhuri mama alikuwa amekwisha kujifunga kitenge chake kipya, ingawa msafara wa magari ungeondoka kesho yake. Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alikuwa huko Ariwara. Tulipoteana siku ya kukimbia vita, akaolewa ugenini, akazaa, na mtoto wake hatukumjua hata kwa picha. Aliyekosa msafara huo angengoja mwingine, na nani alijua kama amani nayo ingengoja?

Gari tulikuwa nalo, pikapu ya marehemu baba. Batri ndiyo ilikuwa chumbani. Mtaa mzima ulilaza batri ndani ili wezi wasiondoke na gari, na mchana ilituwashia redio. Niliitoa uani, nikafungua vifuniko, nikakuta maji yameshuka na bamba za madini ya risasi ziko wazi. Baba alinifundisha kazi hiyo mapema: vaa glavu, linda macho, weka moto mbali, kwa maana hewa inayotoka humo hulipuka. Usiongeze asidi, kinachopungua ni maji, basi rudisha maji safi ya batri, kidogo tu, bamba zifunikwe. Maji mengine yangoje mpaka imalize kuchajiwa.

Nikazifunika bamba, nikaingia ndani kuchukua chaja.

Mama yangu aliuza mawese sokoni maisha yake yote. Hakuna mteja aliyeondoka kwake bila matabishi, ile nyongeza ya bure inayomfanya mtu arudi. Nilipotoka na chaja, alikuwa anamimina maji katika kila tundu mpaka mdomoni.

“Mama, acha! Inatosha!”

“Mutoto, hii batri iko na safari ya mbali. Niko naipatia matabishi.”

Hakukubali kwamba amekosea. Kwa haraka nikaunga chaja bila kupunguza maji, jenereta ya jirani ikawashwa, batri ikachemka, na maji ya asidi yakafurika juu yake. Nilikasirika! Nikazima chaja kwanza, ndipo nikachomoa waya. Nikavuta ziada kwa bomba la sindano, nikafunga vifuniko, nikaosha nje kwa maji yenye soda ya mandazi. Mama akainama kupangusa kwa pindo la kitenge. Nikapiga kelele, nikamvuta kwenye pipa, nikammwagia maji mikono na nguo. Jirani akaja kuchungulia, sigara mdomoni.

“Toka na moto yako!” mama akamfokea. “Mujukuu yangu iko nanigojea!”

Batri ikamaliza kuchajiwa usiku, na asubuhi magari yalikuwa yamepangana barabarani. Nikafunga waya wa chanya, kisha wa hasi, nikazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Mama alinishika bega kwa nguvu. Nikazungusha tena. Likanguruma, jamani, likanguruma! Mama akapiga vigelegele mpaka wa gari la mbele wakageuka kututazama.

Yaya alitupokea Ariwara akikimbia, mtoto mgongoni. Mama akakunjua pindo la kitenge ili amfunike mjukuu wake, na pindo likachanika mikononi mwake, limejaa matundu. Yaya, aliyefundishwa na baba yuleyule, akapitisha kidole katika tundu moja, akanigeukia.

“Uliachia mama batri, akatia matabishi. Si njo vile?”

Alicheka mpaka akakaa chini mavumbini, halafu akalia, nami nikalia naye. Miaka yote ile, na bado alimjua mama yake. Mama hakutusikiliza. Alikuwa amekwisha kumchukua mtoto.