Dele la Baba na Sheria ya Kugawa

Mdogo wangu sina raha naye tangu siku ya khitma ya baba, na sioni haya kusema. Watu walikuwa bado wanavaa viatu kuondoka, yeye akalibeba dele la baba, birika la shaba la kahawa lililovuka bahari kutoka Unguja pamoja na bibi yetu alipohamia huku, akalitia kwenye buti la gari na kwenda nalo kwake mtaa wa Bustan. Hakuuliza mtu. Kesho yake nikaenda, nikapiga hodi, nikampita mkewe mpaka jikoni, nikalichukua na kurudi nalo kwangu mtaa wa Hail. Na mimi sikuuliza. Tangu hapo hatusalimiani.

Utasema, khaa, watu wazima wanagombea birika! Si birika. Kwetu sisi, Ijumaa baada ya sala, watu wote hukusanyika nyumba yenye dele. Mama, anayekaa kwa dada yetu, huletwa hapo. Wajukuu huja hapo. Mwenye nyumba ndiye anayemimina, na kikombe cha kwanza ni cha mama, isipokuwa akiwapo mgeni. Ukilikosa dele umeikosa Ijumaa, na mimi Ijumaa sikuwa tayari kumwachia mtu.

Mama akachoka na sisi.

"Mvi zimewajaa, adabu hamna," alisema siku moja mbele ya ukoo mzima. "Nnajua mpira mnausikiliza kuliko mnavyonisikiliza mimi. Basi uchezeni. Atakayekuwa bingwa ndiye mwenye dele, na sitaki kulisikia neno hili tena."

Ndivyo ligi yetu ilivyozaliwa. Timu nne: yangu ya wapwa na mashemeji wa Hail, ya mdogo wangu ya wafanyakazi wa ghala analolisimamia kule viwandani Rusayl, moja ya binamu zetu, na moja ya majirani wa msikitini. Kila timu ikutane na kila mwenzake mara mbili. Tulicheza baada ya alasiri, kwenye kiwanja cha nyasi za plastiki kilichozungushiwa wavu.

Sheria niliandika mimi, kwa sababu daftari la baba liko kwangu. Baba, alipokuwa mwanafunzi Unguja, alinakili kutoka magazeti ya mwalimu wake habari za msimu wa kwanza wa ligi ya Waingereza, ile ya timu kumi na mbili, zilizoanza kucheza hata kabla hazijakubaliana pointi zihesabiwe vipi. Tulikua tukihadithiwa msimu ule kama wenzetu wanavyohadithiwa habari za mababu zao. Nikaamua ligi yetu iende vile vile, neno kwa neno.

Tulikaa sebuleni kwa dada, yeye katikati yetu, maana mdogo wangu na mimi tulikuwa tunasemeshana kupitia kwake.

"Kushinda pointi mbili, sare moja," nikasoma.

"Dada, mwambie kaka dunia nzima siku hizi ni tatu."

"Mwambie hii si ligi ya dunia nzima. Hii ya baba." Nikaendelea: "Timu mbili zikilingana pointi, mabao ya kufunga yagawanywe kwa mabao ya kufungwa."

"Mwambie tutoe tu. Kutoa kila mtu anajua."

Hapo nikapata nafasi yangu. "Mwambie kugawa ni hesabu ya darasa la nne. Lakini simlaumu, darasa la nne yeye alilirudia."

Sebule nzima ikaangua kicheko, na wanawe walikuwepo. Mdogo wangu akaivuta karatasi ya sheria. Akachukua kalamu, akatia saini, akaondoka bila kumaliza chai yake. Nilifurahi, wallahi. Nikahakikisha na wengine wote wametia saini.

Msimu ukaanza. Wale watu wake, wengi vijana wa Bara wanaoendesha mashine za kunyanyua mizigo, walipaki basi golini kila mechi. Bao moja, basi, wanarudi nyuma wote. Timu yangu ilishambulia. Kuna siku tulifunga matano, tukafungwa matatu, na mimi pembeni koo limekauka kwa kuwatukana watu wa Rusayl hata siku ambazo si wao wanaocheza. "Mnacheza mpira au mnalinda ghala?" niliwapigia kelele. Dada aliniambia nyamaza, watoto wanasikia. Nikamwambia wacha wasikie.

Siku ya mwisho mdogo wangu alicheza kwanza. Akashinda moja bila, kama kawaida yake. Sisi tulikuwa na majirani, na tukishinda tunalingana naye pointi. Mpaka dakika kumi za mwisho tulikuwa tano bila. Mabeki wangu wakaanza kutulia nyuma. Nikawafokea, "Nendeni mbele! Nataka la sita!" La kazi gani? Lilikuwa la kumtazamia mdogo wangu usoni. Wakaenda mbele wote, nyuma kukabaki wazi, majirani wakafunga mawili. Sikujali. Kipenga kikalia, tano kwa mbili.

Watu wakanirukia kwa shangwe. Tumefunga ishirini, tumefungwa kumi. Wao wamefunga tisa, wamefungwa manne. Toa: sisi kumi, wao tano. Nikaanza kumwendea mama, aliyekaa karibu na wavu na dele kwenye kiti cha pembeni yake.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Dada," akasema polepole, "mwambie kaka agawe."

Nikasimama pale pale. Binamu mmoja akasema, jamani, nani anagawa siku hizi, tutoe yaishe. Wengi wakaitikia. Nikamtazama mama, nikiomba akubali.

"Karatasi aliandika nani?" mama akauliza.

"Mimi."

"Basi gawa. Sema kwa sauti."

"Ishirini kwa kumi, mbili." Nikahamia hesabu yao. "Tisa kwa nne, mbili na robo."

Na kichwa changu kikaendelea chenyewe: bila yale mawili ya mwisho, ishirini kwa nane, mbili na nusu. Dele lingekuwa langu. Nimelipoteza kwa kutaka la sita.

Ijumaa iliyofuata niliapa siendi. Mke wangu akawachukua watoto akaenda. Nikakaa kwenye sebule tupu, mikeka imekunjwa, nikavumilia kama nusu saa. Kisha nikaendesha gari mpaka Bustan, kwa ajili ya mama tu.

Wote walikuwepo. Nikakaa karibu na mlango. Mdogo wangu alikuwa ameshika dele la baba kwa mkono wa kushoto, kama baba alivyokuwa akilishika. Akamimina kikombe cha kwanza. Mama akanyoosha mkono kukipokea, kama kawaida.

Hakumpa. Alikipitisha mbele yake, akamkabidhi dada.

"Dada," akasema, "mpe mgeni kwanza."

Dada akaja nacho mpaka mlangoni nilipokaa. Nikakipokea kile kikombe. Mama alinitazama, mkono wake ukarudi mapajani, na hakumwambia mdogo wangu kwamba mimi si mgeni.